Chuma Hatafuti Muuguzi

Mtaani walimwita Chuma, na jina hilo hakupewa bure. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na tangu utotoni madaktari walisema hafiki miaka ishirini. Leo ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, fundi mwenye cherehani mbili, chumba chake mwenyewe na ulimi wa kutosha mtaa mzima. Mifupa ikianza kumkaba hufunga duka, hubeba mkoba wake na kujipeleka hospitali, kisha hurudi kumalizia nguo za watu. Mteja gani amewahi kwenda harusini bila suti kwa sababu yake? Hakuna. Kitu kimoja tu kilimshinda: kula peke yake kila jioni. Hilo lilimuuma, na hakuona aibu kulisema.

Ndipo akaanza kuja mwalimu mmoja aliyefiwa na mke. Wiki hii suruali inambana, wiki ijayo inampwaya. Mara ya nne Chuma alimpima kwa futi, akakuta kiuno ni kilekile. Alicheka moyoni. Huyu hakufuata suruali.

Shangazi aliyemlea akamwonya. "Mwanangu, funga mdomo. Mengine atayajua mkishaoana."

"Shangazi, nimtege mtu mzima kama panya?"

Mwalimu alipokuja tena, Chuma aliweka mkasi chini akamweleza yote: maumivu, kulazwa, kuongezewa damu.

"Dada, nimeuguza mke mpaka nikamzika. Siwezi mara ya pili."

"Madaktari walionitabiria kifo, wawili nimeshawazika mimi."

Mwalimu akacheka, kisha machozi yakamlenga. Alichukua suruali yake, akaaga kwa heshima, na hakurudi.

Chuma alilia siku mbili, tusidanganyane. Siku ya tatu akafungua duka, na shangazi akamjia juu.

"Si nilikwambia? Sasa nani atakuuguza?"

Chuma aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho.

"Wauguzi ninao, shangazi, wako hospitali na wanaijua kazi yao. Mimi natafuta mtu wa kumpakulia chakula, aniulize siku yangu imeendaje. Akija mwingine, naye nitamwambia mapema."

"Na huyo naye akikimbia?"

"Akimbie. Atakayebaki ndiye nitakayempikia."