Shemeji alivyoivalisha blanketi miche yangu ya parachichi

Wakuu wa humu, marahaba kwa wote mtakaoniamkia. Mimi ni bibi wa Kasense, darasa la tatu sikumaliza, herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe. Ila haya nimeyaona kwa macho yangu, na hasira bado ninayo.

Magoti yangu yamekataa jembe. Mahindi na ulezi siwezi tena. Ndiyo nikapanda parachichi za kubebeshwa, yaani kijiti cha kisasa kimeunganishwa juu ya shina la kienyeji, miche kumi na minne, nije nile bila kuinama.

Mashimo walinichimbia wajukuu zangu Skolastika, Ponsiano na Verediana, Mungu awape maisha.

Fundi wa kitalu alinionyesha kovu pale mche ulipounganishwa. "Bibi, hapa pasiguse udongo. Pakifukiwa panaoza."

Kiangazi kikaingia, binti yangu Oliva akajifungua huko Kabwe. Nikaenda kumlea. Miche nikamwachia shemeji Kristofa, mdogo wake marehemu mume wangu.

"Shemeji, niangalizie miche." Basi. La kovu sikulitaja.

Narudi baada ya mwezi na nusu, shamba zima matuta! Yale yetu ya Kifipa, majani ndani, udongo juu, kama ya maharage. Miche inachungulia vichwa tu.

Kristofa kasimama anacheka. "Shemeji, jua lilitaka kuiua. Nimeivalisha blanketi!"

Jamani. Nitamtukanaje mtu aliyelima siku nne bila hata kikombe cha togwa?

Nikapiga magoti hayo hayo mabovu, nikafukua kwa vidole. Maganda meusi, yanabonyea. Mitano imepona. Tisa imekufa juu, chini ya kovu imetoa machipukizi.

"Si hayo yamechipua!"

"Hayo ni ya shina la kienyeji, Kristofa! Mpaka yazae ni miaka."

"Si unangoja tu."

"Nangoja kwa umri wa nani?"

Akachukua jembe lake akaenda. Na mimi nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi anasema machipukizi yanaweza kubebeshwa upya mvua zikianza. Sawa, lakini mwaka wangu umekwenda, na sina miaka ya kuchezea.

Nilichojifunza: ukimwachia mtu kazi, mwachie na sababu yake. Kristofa alifanya alivyofundishwa na baba yake. Mimi ndiye niliyeondoka na siri ya kovu.

Aliyewahi kubebesha upya mti uliokufa juu aniambie, unashika kweli au fundi ananifariji?

Jibuni upesi. Asubuhi hii Kristofa kapita na jembe, kaitazama ile mitano: "Shemeji, hii mbona iko uchi?"

Jembe lake nimelikalia hapa ninapoandika.