Kompyuta Iliposhindwa Kuomba Paswedi

Mwanangu, kuna siku moja ya masika ambayo mpaka leo haijanitoka. Nikikuona unavyoipigapiga hiyo simu yako kila inapogoma, siku ile inanirudia yote. Kaa hapa nikusimulie. Chai bado ya moto, na mimi siku hizi sina haraka.

Nilikuwa binti mbichi, nimetoka chuo, nafanya kazi Mugumu katika duka la steshenari la Mzee Salumu, jirani na soko. Dhahabu ilikuwa imewachanganya watu miaka ile. Vijana walimiminika kutoka Shinyanga, Singida, Kigoma, kila mmoja na beleshi lake na jina la ndugu aliyemtangulia. Wengine walishuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, upande wa Tarime, wengine walitafuta ajira mgodini, na wengi wao walipita kwetu kuchapa barua za maombi na kupiga picha ndogo. Flashi zao zilijaa virusi. Kompyuta yetu iliugua mara nyingi hadi nikamshawishi mzee tuweke Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambao virusi vile havikuuweza. Mzee Salumu, ambaye babu yake alitoka Pangani akaja kushona nguo huku bara, alikubali kwa sharti moja: ikigoma, nisimuulize yeye chochote.

Basi, asubuhi hiyo mvua inanyesha, daktari wa hospitali ya pale mjini akaingia dukani, viatu vimejaa matope. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa Kikurya, kijana kama mimi, khanga imelowa mabegani. Jina lake Bhoke. Mumewe, Masanja, alikuwa Msukuma aliyefuata dhahabu akamwoa huku. Jana yake mwamba ulikuwa umemwangukia mguuni ndani ya duara. Wenzake walimleta kwa pikapu kupitia Kenyamonta, wakisukuma gari zaidi ya kulipanda.

"Robi, nakuhitaji," daktari akasema. "Nimempigia bingwa wa mifupa Mwanza. Anataka kuona picha ya eksirei kabla sijaukata huo mguu. Barabara imekatika, mgonjwa hawezi kusafiri. Nimeipiga picha kwa kamera, iko kwenye flashi hii. Itume kwa barua pepe."

"Ni ya leo hii?"

"Nikifika jioni bila jibu, nitakata. Mguu ukianza kuoza, tutampoteza yeye mwenyewe."

Bhoke alikuwa anasikia. Aliketi kwenye benchi akaanza kusema peke yake kwa Kikurya, polepole, na sitakutafsiria alichosema, maana hakuwa anasema na sisi.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa ndogo. Laini tuliyotumia kwa intaneti ilikuwa imezimika kwa ajili ya mvua, lakini mzee alikuwa na laini ya kampuni nyingine, na ile ilishika. Ilitakiwa tu niiweke kwenye modemu, nifungue mipangilio ya mtandao, niandike mambo mawili matatu. Kazi ya muda wa kunywa maji.

Nikabofya mipangilio. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kikapotea. Hakuna dirisha lililofunguka. Nikabofya tena. Kikazunguka, kikapotea. Nikajaribu sehemu ya kuweka programu mpya, hali ile ile. Sehemu ya watumiaji, hali ile ile. Kompyuta haikunipa kosa wala onyo, ilinyamaza tu kama mtu aliyenuna. Nilibofya hadi daktari akasogea nyuma yangu kutazama, na hapo ndipo akili ilinitoka kabisa.

Nikavuta droo, nikatoa CD ya kuwekea Linux upya.

"Nitafuta kila kitu nianze moja," nikasema.

Mzee Salumu alikuwa kwenye mashine ya fotokopi. Akaizima, akaja, akaitwaa ile CD mkononi mwangu kwa utaratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hiyo kazi itakuchukua muda gani?"

"Labda mpaka alasiri. Kama ikienda vizuri."

"Na isipoenda vizuri, mume wa huyu binti atakatwa mguu kwa sababu wewe umeogopa. Kaa chini, Robi."

Nikakaa. Hakunifokea, lakini mpaka leo nasikia uso wangu unavyopata moto nikiikumbuka sauti ile.

"Mimi hayo madude siyajui," akasema. "Nakuuliza tu kama mtu mwingine. Jana hizo sehemu zilifunguka?"

"Zilifunguka."

"Kati ya jana na sasa, kumetokea nini?"

Nikataka kujibu hakuna. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikakumbuka. Jana yake jioni, kabla laini haijazimika, nilikuwa nimeiacha kompyuta ivute masasisho, yaani marekebisho mapya ya programu zake. Asubuhi ile nilipofungua duka ikawa inayaweka ndani, na umeme ukakatika katikati. Uliporudi nikaiwasha, ikawaka vizuri, nikaona yamekwisha.

"Na je, imegoma yote?" mzee akauliza.

Nikafungua programu ya kuandikia. Ikafunguka. Picha zikafunguka, hata kikokotoo. Nikatazama zilizogoma, na mwanangu, hapo nikaliona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu muda wote: zote zilizogoma ni zile zinazoomba paswedi, lile neno la siri, kabla ya kufunguka. Si kwamba zimekufa. Zilikuwa zinataka ruhusa, na kile kidirisha cha kuomba ruhusa hakikuwepo.

Linux ina dirisha moja jeusi, la kuandikia amri kwa maneno. Nikalifungua, nikaiita mipangilio ya mtandao kwa jina lake badala ya kubofya kipicha chake. Safari hii kompyuta ikasema. Iliandika mstari mrefu wa Kiingereza, na maana yake ilikuwa kwamba imeshindwa kumpata wa kuuliza paswedi. Nikaangalia masasisho nayo. Ikaniambia wazi kwamba kazi ilikatizwa njiani, na mwishoni ikaniandikia amri ya kuimalizia. Ile amri ilikuwa ikinisubiri humo tangu asubuhi, na mimi nilitaka kuizika.

Nikaiandika amri herufi kwa herufi, nikaandika na paswedi humo humo. Maneno yakaanza kupanda kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Vitu vilikuwa vimeshavutwa jana yake, hivyo haikuhitaji intaneti. Daktari akauliza kama imepona. Nikamwambia sijui bado. Ilipotulia nikaizima, nikaiwasha, nikabofya mipangilio.

Kidirisha kidogo kikatokea katikati, kinaomba paswedi.

Nililia, sikufichi. Kwa kidirisha ambacho siku nyingine kilinikera. Daktari akaniwekea mkono begani akaniambia niandike basi, tusikae kukitazama.

Picha ilienda taratibu, maana intaneti ya siku zile ilikuwa ya kubembeleza, lakini ilienda. Bhoke hakuinuka kwenye benchi. Mchana simu ya daktari ikalia, akatoka nayo barazani, na sisi tukabaki tunasikiliza "ndiyo", "ndiyo", "nimekuelewa". Aliporudi alimwendea Bhoke kwanza.

"Hatukati," akamwambia. "Tutausafisha, tutaunyoosha na kuufunga. Barabara ikifunguka anakwenda Mwanza."

Bhoke alimtazama, akanitazama mimi, kisha akainamia magoti yake akacheka, kicheko kile cha mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi. Mzee Salumu akaenda kuwasha fotokopi yake. Masanja alichechemea kidogo maisha yake yote, lakini kwa miguu yake miwili. Maduara aliyaacha, wakahamia Nyarero kulima.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kitu kikigoma baada ya kubadilishwa, usikipige, na usikimbilie kukifuta. Jiulize ni nini kimebadilika tangu kilipofanya kazi mara ya mwisho. Tazama kilichogoma na kisichogoma, uone hivyo vilivyogoma vinafanana wapi. Kisha kitafutie mahali pa kusemea, na kikisema, soma mpaka mwisho hata kama lugha ni ngumu. Mara nyingi hakijafa, kimeachwa katikati tu, kinangoja mtu akimalizie. Na watu nao, utakapoishi nao, wafanyie hivyo hivyo kabla hujawafuta.

Mungu akupe moyo uliotulia siku watu wanapokusimamia nyuma. Akupe na mtu wa kukwambia kaa chini, na wewe uwe na adabu ya kukaa. Mikono yako iponye kuliko inavyobomoa, na kila utakachokianza akujalie kukimaliza.