Watano wa Darasa la Nne

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Lorna Haugen anafuta umande kwenye kioo cha basi la shule ya Willow Fork, Montana. Leo ni Alhamisi ya mtihani, na usiku kucha alilala usingizi wa mang'amung'amu.

Lorna, 58, ndiye dereva wa shule hii, ndiye mpishi, na bomba likipasuka kwa baridi ndiye fundi. Wanafunzi wote ni 34. Darasa la nne wako watano.

Balaa lilianza mwaka jana, mtihani ulipoangukia siku ambayo mfugaji Walt Ostby hupiga ndama wake chapa. Kila mfugaji wa bonde hili ana siku yake, na majirani wote huenda kumsaidia, wakubwa kwa wadogo. Wajukuu wa Walt, Signe na Tess, hawakuonekana shuleni. Wakapewa sifuri, na ufaulu wa darasa lao, wakati huo la tatu, ukaporomoka hadi asilimia 60.

Bodi ya wilaya ikashika kichwa. Kila mtoto hapa anagharimu dola 27,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mwenzake wa mjini. Matokeo yakiharibika tena, shule itafungwa na watoto watasafiri maili 48 kwenda kusoma.

"Wale wasichana wananishinda hata mimi kusoma," anasema Lorna kwa uchungu. "Walikuwa wanashika ndama tu!"

Mwaka huu siku zimegongana tena. Wiki iliyopita Lorna alimfuata Walt, mzee wa miaka 74, akamsihi asogeze kazi yake.

"Lorna, Alhamisi hii ni zamu yetu tangu enzi za baba," Walt alimjibu. "Nikisogea mimi, bonde zima linasogea."

Basi linafika langoni kwa Ostby. Farasi wako zizini, hawajatandikwa. Walt amesimama barabarani na wajukuu wake, nywele zimechanwa, kila mmoja na penseli mbili.

"Na chapa?" Lorna anauliza.

"Kesho. Nimewapigia simu wote. Wamenitukana mpaka basi."

"Watakuja?"

"Nimewaambia unapika wewe."

"Mjanja wewe! Watu arobaini, na hujaniuliza?"

"Ungekataa?"

Lorna anacheka huku machozi yakimlenga.

"Babu, tukimaliza mapema tuje?" Tess anadakia.

"Mkimaliza mapema, rudieni kuangalia majibu!"

Lorna angeweza kustaafu mwakani. Hataki. "Hawa watano wamebakiza miaka minne kumaliza hapa," anasema. "Nikishawashusha siku ya mwisho, ndipo nitarudisha funguo."

Wasichana wakishaketi na wenzao watatu, anatazama kioo cha juu, anawahesabu kwa midomo.

"Watano," anasema, kisha anatia gia.