Mikayi wa Barabara ya Kisian

Kwa miaka tisa nilipiga pasi mashuka ya gesti moja mjini Kisumu. Wageni walipokata mguu, mwenye gesti alituita jikoni akatuambia twende nyumbani tukapumzike kidogo. Kidogo hicho hakijaisha mpaka leo.

Mji mzima ulikuwa umekauka. Vibanda vya samaki wa kukaanga kule ufuoni vilikuwa wazi, lakini wapishi ndio waliokaa kwenye viti vya wateja. Nikajaribu kuuza ndizi kando ya stendi. Askari wa jiji, wale tunaowaita kanjo, wakanikimbiza, wakarudi wakanikimbiza tena, na mwisho wakaondoka na beseni langu. Mimi si mtu wa kunyamaza. Niliwafuata mpaka kwenye lori lao nikiwatukana kwa Kiswahili na Dholuo, na wapita njia wakanishangilia, lakini beseni halikurudi.

Ndipo nikampeleka binti yangu kijijini Sondu, kwa mama mkwe. Baba yake alishafariki, na bibi yake alikuwa na shamba, ng'ombe wa maziwa na moyo mkubwa kuliko wangu. Binti alikuwa darasa la pili. Nilimwambia atakaa huko mpaka nipate kazi. Akauliza ni siku ngapi, nikasema ni chache, nikarudi Kaloleni kwenye chumba changu kimoja ambacho sasa kilikuwa kikubwa mno. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani hata soksi chafu za mtoto. Mimi nilizitamani, na nilikuwa nikilala na sweta yake ya shule chini ya shavu.

Basi asubuhi moja gari lenye vipaza sauti likapita mtaani likitangaza kwamba jiji litachukua watu wa kazi za mikono kwa miezi sita, wazibue mitaro na kupanda miti kando ya barabara, kwa sababu hali ni mbaya na watu wanahitaji riziki. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti nje ya kinyozi walicheka. Walisema hiyo ni kazi ya kutupoza tu. Niliwaacha na kicheko chao nikaenda kupanga foleni, na jioni nikarudi na jembe na kizibao cha kijani chenye mistari ya kung'aa, mgongoni kimeandikwa jina la jiji lilelile lililonyakua beseni langu. Niliona haya kukivaa. Halafu nikajitazama kwenye kioo cha jirani, nikaona nimependeza.

Siku ya kwanza nyapara wetu alituambia jambo moja ambalo sikulisahau. Alikuwa mzee Mwislamu wa hapohapo Kaloleni, mstaafu, na Kiswahili chake kilitushinda sote. Alisema kikundi kitakachofanya vizuri, jiji litakibakiza kwa ajira ya kudumu. Wengine walilisikia kwa sikio moja. Mimi nilihesabu ni hatua ngapi kutoka hapo mpaka binti yangu kurudi nyumbani, na nikaona ni hatua hiyo moja tu.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, na kipande chetu kilikuwa barabara ya kwenda Kisian. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa mama mmoja aliyeuza mboga kabla ya soko kufa, magoti yake mabovu lakini jembe lake halikosei. Kwetu mke mkubwa wa boma huitwa mikayi, na sisi kwa utani tukaanza kumwita hivyo. Yeye naye akalipokea jina kama haki yake.

"Mume wetu ni hii jiji," alisema siku moja tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu yote matope. "Ametuoa sisi wote na hajalipa hata ng'ombe moja."

Toka siku hiyo chai ilianza kwake, na kivuli kizuri kilikuwa chake. Aliyebaki nyumbani na mgonjwa alimwomba ruhusa yeye kabla ya kumwomba nyapara. Mimi nilikuwa mke wa mwisho, wa kutumwa maji. Nimefanya kazi mahali pengi, lakini ni hapo tu nilipoamka nikiwa na hamu ya kufika. Natamani hata yale matope. Natamani jinsi tulivyonyamaza pamoja upepo wa ziwa ulipotufikia mchana wa jua kali.

Mitaro ilipokwisha, mvua za masika zikaanza na lori likatuletea miche. Wiki hiyohiyo mikayi akalazwa na homa.

Sasa, kila aliyekulia boma la Kijaluo anajua kwamba mbegu ya kwanza hushikwa na mke mkubwa. Mdogo akimtangulia kupanda, anaita chira, ile laana inayomkondesha mtu bila daktari kuona ugonjwa, na mara nyingi haimfuati mwenye kosa bali humfuata mtoto wake. Unaweza kusema barabara si boma la mtu, na kwamba sote tulikuwa watu wa kanisa, watatu wetu hata waliimba kwaya. Hayo tuliyajua. Hakuna aliyetamka neno hilo chira. Tulichimba mashimo, tukayanyoosha mstari, tukaweka samadi, tukamwagilia miche ikiwa bado kwenye mifuko yake. Kila mtu alipata la kufanya isipokuwa kupanda.

"Mama zangu, hii mvua haitawangoja," nyapara alisema.

"Tunalainisha udongo, Mzee," tukamjibu.

Alitutazama, akayatazama mashimo yaliyokuwa yakijaa maji. Nadhani alielewa, maana alizaliwa kati yetu. Akatuacha, na siku ya pili ikapita hivyohivyo.

Siku ya tatu mkubwa mmoja alikuja kutoka ofisini. Alikuta mashimo matupu na miche imeanza kunyauka.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza.

"Hayuko, Baba. Ni mgonjwa," mmoja wetu akajibu.

"Sijauliza nani mgonjwa. Nyinyi mnangojea nini?"

Ungemwambia nini mtu aliyevaa tai? Akatoa daftari akaandika, akarudi kwenye gari.

Gari lilikuwa bado linageuza nilipopandwa na hasira. Nilikasirikia tai yake, nikakasirikia uoga wetu, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, maana siku mbili nzima nilikuwa nimesimama juu ya shimo nikimfikiria binti yangu. Nilitaka kupanda ili arudi. Niliogopa kupanda lisije likampata neno. Nilichokitaka na nilichokiogopa vilikuwa ndani ya mtoto mmoja. Nikachana mfuko, nikautia mche shimoni, nikafukia kwa mguu. Sijui kama yule mkubwa aliniona.

"Haya. Umetufungulia," mwenzangu mmoja alisema kwa sauti ya chini, na hakuwa akinishukuru.

Kisha wote wakapanda, na jioni hiyo ndani ya lori hakuna aliyetania.

Mikayi aliporudi wiki iliyofuata alikuwa ameshaambiwa. Nilijua, kwa sababu hakunituma maji. Alinijia moja kwa moja.

"Wa kwanza ni gani?"

Nikamwonyesha. Alipiga magoti, yale magoti yake, akachimba kwa mikono kuuzunguka mche mpaka ukatoka na udongo wake wote. Akauinua juu kidogo tu. Akaurudisha shimoni na kuushindilia kwa viganja, polepole, mpaka akaridhika.

"Sasa imeanza na mimi," alisema. "Mtoto yako huko Sondu hana shida. Niinue."

Nilimwinua nikilia mbele ya watu, jambo ambalo sikulifanya hata nilipozika mume.

Miezi sita ilipoisha walibandika orodha kwenye ukuta wa ofisi ya wadi. Kikundi kilichofanya upande wa stendi kilibakizwa chote. Chetu, hakuna hata mmoja. Nyapara alituambia kwa upole kwamba ripoti ilisema sisi ni wazito, siku tatu za mvua zilipotea na miche mingine ikafa. Hatukubisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Tulivirudisha vizibao, tukashikana mikono, na mikayi akarudi shambani kwao, ambako nasikia magoti yamemshika kabisa. Sijamwona tena, na hakuna wiki inayopita bila kumtamani.

Wale wa drafti bado husema jiji lilitupoza tu. Mimi sikubaliani nao. Mji mzima ulipotuambia twende nyumbani, ni jiji peke yake lililotuita kwa vipaza sauti, na kwa miezi sita nilikuwa mtu mwenye mahali pa kwenda. Kinachoniuma ni kwamba lilitufungulia mlango, na sisi wenyewe tukasimama kizingitini tukimngoja mkubwa wetu apite kwanza. Na hata leo sijui kama ningeweza kufanya vingine.

Sasa nafua nguo kwenye nyumba za watu, siku ninazoitwa. Mwezi uliopita nilipata nafasi nikaenda Sondu. Binti yangu amefika begani kwangu. Alinisalimu kwa mkono, vizuri sana, huku amejishika kiwiko. Akaniletea kiti, akakipangusa kwa sketi yake, kisha akaleta maji ya kunawa na taulo safi. Niliketi nikinawa mikono, naye akasimama pembeni kungoja, vile mtoto aliyelelewa vyema husimama mbele ya mgeni.

"Mama, unalala ama unarudi leo?"

Nikamwambia narudi.

"Basi wacha niambie dani apike mapema," akasema, akakimbilia jikoni kwa bibi yake.