Sinia la Ijumaa kwa Swalha

Swalha alipomfuata mumewe Nassor kutoka Unguja hadi Guangzhou, mwaka tisini na saba, alidhani kitakachomtoa jasho ni lugha ya Wachina. Kumbe ni unga. Binti yao Muzdalifa, wa miaka sita, alikuwa na maradhi yaitwayo siliaki: tumbo lake halitaki ngano, hata chembe. Daktari wa Maskati ndiye aliyeyagundua, walipokwenda kumwona shangazi, na hadi hapo mtoto alishakonda hadi watu wakaanza kunong'ona kuwa katupiwa jicho baya.

Basi Swalha akajifunza kupika upya, na kuharibu upya. Alinunua unga wa mchele sokoni karibu na mtaa wa Xiaobei, akaumua mkate wa kumimina. Kumbe unga wenyewe ni wa mchele wa kunata, mkate ukagandamana na sufuria mpaka Nassor akaubandua kwa bisibisi. Akaunga kuku kwa sosi ya soya, akaja kuambiwa baadaye kuwa sosi nayo ina ngano. Sikukuu akapika tambi za mchele kwa sukari na iliki, zikarojeka zikawa uji. Wakaunywa kwa vikombe, wanacheka, maana utamu ulikuwa palepale. Swalha si mtu wa kulilia sufuria. Alisugua, akajaribu tena, na siku mkate ulipokubali alimgongea jirani Mchina aje auone.

Kilichomshinda ni Ijumaa. Wiki nzima mtoto mzima, Ijumaa jioni anajikunja kwa tumbo. Siku hiyo Nassor hurudi msikitini na wenzake wa biashara, wakakaa mkekani wakala sinia moja, Muzdalifa katikati yao kama bibi harusi. Wali wa nazi na mchuzi wa kuku, vyote Swalha kavipika kwa mkono wake, havina ngano. Chapati za ngano za wageni zilikaa kwenye sahani mbali, pembeni. Alishuku mchele, akashuku tui la kopo, akakosha vyungu hadi vidole vikachubuka.

Ijumaa moja akasimama mlangoni mwa jiko, akatazama. Zubeir, rafiki mkubwa wa Nassor, alichana chapati, akachovya, akatafuna. Kisha kwa vidole vile vile akachambua mnofu mzuri wa kuku akamsogezea Muzdalifa upande wake, kama mtu mzima yeyote wa kwao anavyomfanyia mtoto anayempenda. Na mwenzake akafanya hivyo hivyo. Mapenzi yao ndiyo yaliyokuwa yakimuumiza mwanawe.

Kuwaambia aliona haya. Mgeni hafundishwi kula. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata alimpakulia Muzdalifa sahani yake, akamkalisha jikoni. Mtoto akaitazama sahani, akasikiliza vicheko vya sebuleni.

"Mama, nimefanya nini?"

Machozi yakamtoka Swalha. Akajitanda vizuri, akaenda sebuleni, akayasema yote mbele ya wanaume, maradhi na chapati na vidole. Nassor akainamisha kichwa, maana naye alikuwa akiyajua maradhi na asiwaze mikono.

Zubeir ndiye aliyekuwa akimaliza chapati sita peke yake. Akaiweka chini aliyoshika.

"Shemeji, tunamlisha mtoto sumu siku zote hizi, nawe umenyamaza? Kwa ajili ya chapati?"

Alikasirika kweli. Akazibeba zote akampelekea jirani, akarudi akanawa kwa sabuni hadi viwikoni, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake. Swalha akapakua sinia jingine kutoka chunguni. Muzdalifa akaitwa, akaja mbio, akajipenyeza mahali pake.

Tangu siku hiyo Zubeir akitamani chapati huila huko huko mjini. Na akifika kwa Nassor, hata kabla ya kuvua viatu, tajiri yule mwenye makontena huinama mlangoni na kunyoosha mikono yote miwili, Muzdalifa aikague.