Uzito wa Nyuma

Watu walimwita Kaeni Nyuma, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukipanda pikapu yake, hata hujapata pa kushika, ameshatoa kichwa dirishani anafoka: "Kaeni nyuma! Nyuma kabisa, mlangoni! Mnajibana huko mbele kwani kuna moto mnaota?" Hakujali wewe nani. Mwalimu mkuu alifokewa. Mama mkwe wake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, naye alifokewa, tena siku aliyovaa nguo zake za kutokea. Mama alijikunyata mlangoni, akakung'uta tope, akasema, "Huyu mkwe wangu adabu hana, lakini anafika."

Mimi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Nashona nguo. Nyumba yangu na yao zilitenganishwa na kamba ya kuanikia tu, kwa hiyo ugomvi wao niliusikia wote, na vicheko vyao pia.

Sisi tunaishi bondeni. Hospitali, soko, barabara ya lami, hata makaburi, vyote viko juu ya mlima wa udongo mwekundu. Jua likiwaka, mlima ni vumbi tu, unapanda huku unakohoa. Mvua ikinyesha, udongo ule ni sabuni iliyolowa. Gari pekee huku kwetu ni hiyo pikapu, na yenyewe inavuta kwa miguu ya nyuma tu, yale matairi mawili. Wenye magari yanayovuta miguu yote minne walikuja mara moja moja, wakaturushia tope, wakaenda zao.

Shemeji yangu hakukata tamaa na pikapu yake. Alikuwa anailalia chini mgongo mzima mchana kutwa, mpaka dada akawa anasema, "Hiyo anaijua kuliko anavyonijua mimi. Mimi hajawahi hata kuniuliza kama upepo wangu unatosha." Siku moja nilimcheka, nikamwambia auze hilo kopo anunue punda. Akaja mpaka kwenye cherehani yangu, mikono imejaa grisi, nikamwambia akae mbali na vitambaa vya watu.

"Shemeji," akasema, "ukisahau kushusha mguu wa cherehani, kitambaa kinakwenda?"

"Hakiendi. Kinachezacheza pale pale."

"Kwa nini?"

"Hakuna cha kukikandamiza."

"Basi na tairi ni hivyo hivyo. Injini iko mbele, uzito wote uko mbele, na miguu inayofanya kazi iko nyuma haina wa kuikandamiza. Pikapu si mbovu. Nyuma ni nyepesi, basi."

Akaniagiza mifuko ya turubai, nikamshonea, mshono mara mbili. Akaijaza mchanga, akaipanga juu ya ekseli ya nyuma, na akikwama kabisa anapasua mmoja anaumwaga chini ya tairi. Mlima ukilowa, alisimama chini kwanza, akapunguza upepo matairi ya nyuma mpaka yakalala kidogo. Kisha akapanda polepole. Tairi moja likianza kuzunguka bure, anavuta breki ya mkono kidogo tu, la pili linaamka. Na juu ya yote hayo, watu. Sisi abiria ndio tulikuwa uzito wake. Ole wako ushuke katikati ya mlima eti unalionea gari huruma. Alikutukana mpaka ukapanda tena.

Yeye na dada walikaa muda mrefu bila mtoto. Watu walisema yao, kama kawaida ya watu. Halafu dada akashika mimba, na shemeji yangu, mtu wa kufoka yule, akaanza kupiga miluzi. Alifunga mkanda mpya kwenye kiti cha mbele. Nikamuuliza mkanda wa nini, akasema, "Mwanangu hatakaa nyuma." Nilicheka sana siku ile, Mungu wangu. Nilicheka.

Uchungu ulimshika dada asubuhi, baada ya mvua ya wiki nzima. Mkunga wetu alimpapasa tumbo, akapapasa tena. Kisha akatoka mlangoni akasema, "Mtoto amekaa vibaya. Mpandisheni hospitali sasa hivi, msingoje mvua ikatike."

Wanaume wa jirani wakaja mbio, wema wao haukuwa na kipimo. Seremala ndiye aliyekuwa mbele. Godoro la kumlaza dada halikulala sawa garini kwa sababu ya mifuko ya mchanga, basi wakaishusha yote, wakaipanga ukutani. "Mzigo wa nini tena huu," seremala akasema, "na gari lina mlima wa kupanda!" Shemeji akatoka ndani amembeba mkewe, akaiona mifuko pale ukutani. Nilimwona akiiona. Lakini dada alikuwa anamng'ata bega kwa uchungu, na mkunga anasema haraka, haraka. Akamlaza kwenye godoro, akaingia kwenye usukani.

Wanaume walipanda nyuma, wamejaa mlangoni kama siku zote, na hapo bado mambo yangekwenda. Mifuko haipo, ila watu wapo. Tukafika chini ya mlima. Shemeji akashuka kupunguza upepo. Dada akalia kilio kile cha mwanamke kinachotoka chini kabisa, akalitupa shuka, nami nikahangaika kumfunika.

Seremala akageuza uso. "Jamani, tushukeni," akasema. "Mtu yuko kwenye hali yake, sisi wanaume tumemzunguka kama watazamaji wa mpira. Tumpe stara."

"Na gari liwe jepesi," mwingine akaongeza.

Wakashuka wote, taratibu, wakasimama kando ya njia wametazama chini, kofia mkononi. Tukabaki nyuma wanawake wawili, mimi na mkunga, tumeinama huku mbele kwenye kichwa cha dada. Shemeji alikuwa amechuchumaa kwenye tairi. Akainuka, akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, kila mtu aliyewahi kupanda pikapu ile alijua. Akamtazama mkewe alivyolala, akawatazama wale wanaume walivyoinamisha vichwa kwa heshima. Akafunga mdomo.

"Asanteni," akasema.

Sijawahi kumsikia akisema neno hilo chini ya mlima.

Alijaribu kupanda kwa kasi, kitu ambacho siku zote alisema hakifai. Tulifika kwenye kona ya katikati. Mkia ukaanza kucheza. Nikasikia tairi moja linanguruma linazunguka bure, nikasikia breki ya mkono inavutwa, ikaachiwa, ikavutwa. Haikusaidia kitu. Nyuma ikateleza polepole, polepole mno, ungedhani tuna nafasi ya kuizuia, ikaangukia mtaroni. Tairi likabaki linaning'inia hewani na tumbo la pikapu limekaa juu ya udongo.

Wanaume wakaja wanatambaa kwenye tope. "Tupande?" seremala akauliza. "Tukae nyuma?" Maskini, ndipo alipokumbuka.

"Mkae nyuma ya nini sasa?" shemeji akajibu, wala hakufoka. Akapiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono.

Walisukuma mpaka wakaanguka mmoja juu ya mwenzake. Walikata matawi wakayatia chini. Mkunga ndiye aliyesema basi, mbebeni. Wakalishika godoro kwenye pembe, shemeji upande wa kichwa, wakaanza kupanda kwa miguu. Wanapanda hatua, wanateleza mbili. Godoro limelowa, limekuwa zito kuliko yeye aliyelala juu yake. Mimi nilikuwa nimemshikia mwavuli, jambo la kipumbavu, maana upepo uliubeba na bado nikawa nimeshika mpini.

Dada akafumbua macho. Alikuwa mtu wa utani, hata hapo.

"Mume wangu," akasema, "leo umesahau kuwatukana watu."

"Sikusahau," akajibu. "Niliona aibu."

Akamgusa kidevu kwa mkono uliojaa tope. Baada ya hapo hakusema kitu cha kueleweka. Tulipofika kwenye lami alikuwa ameshatuacha, yeye na mtoto wake tumboni. Wanaume waliendelea kushika godoro, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliachia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilimlaani seremala, nikaulaani mlima, nikailaani stara yenyewe. Seremala alisimama akapokea yote.

Jioni ile waliitoa pikapu mtaroni kwa kamba, wakamrudisha dada nyumbani bondeni. Usiku kucha seremala alipiga misumari, na asubuhi akaleta jeneza, amelipiga randa vizuri kuliko meza yoyote aliyowahi kuuza.

Mvua haikukatika. Nilipotoka nje nilimkuta shemeji anabeba mifuko ya mchanga kutoka ukutani, mmoja mmoja, anaipanga juu ya ekseli, pande zote mbili za jeneza. Sikumsaidia. Nilishindwa kuigusa ile mishono yangu.

Watu wa bondeni walikuja. Kwa heshima ya marehemu wakajipanga nyuma ya pikapu ili wamsindikize kwa miguu, kimya, vichwa chini. Alipowaona wamejipanga vile, akatoa kichwa dirishani.

"Kaeni nyuma!"

Kila mtu alishtuka. Mama akashika kifua.

"Pandeni! Wote! Nyuma kabisa, mlangoni! Asibaki mtu chini!"

Hakuna aliyebisha. Seremala akapanda, mwalimu mkuu akapanda, mama akapandishwa kwa kushikwa mikono, mkunga akapanda, na mimi. Tulibanana kulizunguka jeneza, magoti yetu yakiligusa, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyeongelea stara. Chini ya mlima alishuka, akapunguza upepo, akakagua matairi yote mawili kwa kiganja, akarudi kwenye usukani.

Tukapanda polepole. Kwenye kona ya katikati niliona mtaro, matawi yaliyokatwa, na mashimo aliyochimba kwa vidole, yamejaa maji. Nilisubiri mkia ucheze. Nilitaka ucheze, Mungu anisamehe, nilitaka tuanguke tena pale pale ili nijue kwamba isingewezekana kwa vyovyote. Haukucheza. Pikapu iliushika ule udongo ikapanda, ikapita, ikatufikisha kwenye lami bila hata kusita.

Akazima injini. Akaja nyuma, akafungua mlango, akasimama ameshika ukingo wa jeneza, na wote tumekaa pale pale tulipoamriwa.

"Umeona, shemeji?" akaniambia. "Inapanda."