Mlango Unaochelewa Kufunguliwa

Wachezaji wangu hupenda kunilaumu baada ya alasiri. Labda ndipo wanapotoka shuleni na makazini. Mimi huwa nimeketi katika duka la fotokopi huku Bondeni, feni inazunguka juu ya kichwa bila kuleta upepo wa maana, na mashine imepumzika baada ya asubuhi nzima ya vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Mwenye duka huwa amekwenda kwake kujinyoosha. Kompyuta ni yake. Aliniruhusu kuitumia kwa mambo yangu muda huo, bora mteja akiingia niache. Basi nafungua ukurasa wa gemu yangu, na nawakuta wamenitangulia.

“Huu mlango ni mbovu. Nimepiga hodi hakuna kitu.”

“Nilidhani simu yangu imekufa.”

“Kaka, gemu tamu, lakini hiyo nyumba ya kungojangoja itoe.”

Wote huniita kaka. Mwanzo nilikuwa nikiwasahihisha. Sasa nimeacha, naandika tu, “Ahsante kwa maoni,” na kushuka kwa anayefuata.

Gemu yenyewe si yangu yote. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini, na siku moja alirudi na mashine ya gemu iliyotumika, aliyoipata kwa baharia. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya msafiri anayeitafuta taa iliyoibiwa. Mimi na mdogo wangu wa kiume tuliicheza hadi vidole vikaota sugu. Walioitengeneza waliiacha zamani, lakini wapenzi wake bado wako kila pembe ya dunia, na wana desturi ya kutunga safari mpya za yule msafiri na kuzigawa bure katika jukwaa lao la mtandaoni. Huziita gemu za mashabiki. Nilijifunza kazi hiyo hapahapa dukani, kwa kutazama video za mafunzo za Kiingereza ambacho nusu nilikielewa na nusu nilikisia. Msafiri wangu nimemleta Mji wa Kale. Anapita vichochoroni, tuktuk zinamkosakosa, anakwenda ufukweni Mama Ngina kula viazi vya karai, na taa yake anaitafuta nyumba kwa nyumba.

Mtu wa kwanza kuikosoa hakuwa mchezaji. Alikuwa bibi mmoja, jirani yetu wa zamani kule Mji wa Kale, ambaye mpaka leo mimi huenda kumwamkia kila Ijumaa. Nilimwonyesha kwenye simu nikitarajia anisifu. Alivaa miwani, akatazama, kisha akaniuliza:

“Huyu kijana wako hakulelewa?”

“Ni msafiri tu, bibi.”

“Msafiri ndiyo aingie nyumba za watu kama paka? Tizama! Amepita daka, amepita ukumbi, yuafungua kasha la watu! Hodi hana. Na kama mwenye nyumba hajavaa je?”

“Ndivyo gemu ilivyo, bibi. Hata ile ya asili huingia hivyohivyo.”

“Asili ya wapi?”

Nilikuwa nimezaliwa katika vichochoro vile, nimefundishwa tangu sijui kuvaa viatu kwamba mtu husimama dakani, kwenye kile kibaraza cha mlangoni, akapiga hodi, akangoja. Na ikiwa hodi ya tatu haikujibiwa, hugeuka akenda zake bila kinyongo. Haya yote niliyajua, na bado nilimwacha msafiri avamie mtaa mzima kwa sababu nimezoea kumwona akivamia kwingine.

Nikaweka hodi. Sasa mchezaji husimama dakani, hubonyeza mara moja, hungoja sauti ya “Karibu” ndipo mlango ufunguke. Akibonyeza ovyo ovyo kama mwenye wazimu, mwenye nyumba hafungui. Watu walinung’unika kidogo, wakazoea. Katika nyumba nyingi jibu huja upesi.

Isipokuwa nyumba moja. Hiyo ndiyo wanayoniandama nayo.

Ile ni nyumba yetu. Tuliipanga tu, hatukuimiliki, lakini sote watatu tulizaliwa humo. Jiko lilikuwa juu kabisa, karibu na paa, kama katika nyumba nyingi za mawe za kule. Mama akiwa jikoni na mgeni akipiga hodi, ilimbidi akaushe mikono, ajitande leso, ashuke ngazi zote hadi chini. Majirani walikuwa wakitupa ufunguo dirishani, umefungwa kitambaa usipotee. Mama hakupenda. Alisema mgeni hapokewi kwa kutupiwa kitu kichwani. Kwa hiyo wageni wa kwetu walingoja, na walipokuwa wakingoja walimsikia akija: ngazi za juu mbali, kisha za kati, kisha karibu, kisha komeo.

Baba alitangulia. Mama alimfuata akiwa bado edani. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na huko shuleni sikurudi tena. Wenye nyumba waliitaka nyumba yao baada ya muda, hawakuwa watu wabaya, tukahamia vyumba viwili vya chini hapa Bondeni. Kitindamimba wetu, mdogo wangu wa kike, alikuwa bado mchanga. Nyumba ile ameijua mlango wake tu, kwa nje, tunapopita kwenda kwa bibi. Sasa imepakwa buluu na kuna wageni wengine. Alikuwa akiniuliza tangu ameanza kusema: ndani mlikuwaje? Ngazi zilikuwa upande gani? Mimi nililala wapi? Picha hatuna. Nilichoka kumweleza kwa mikono, nikamjengea kwenye gemu, nje buluu kama anavyoijua. Vishubaka vya ukutani, dirisha la jikoni, mkeka wa baba, kitanda cha kamba alicholala yeye. Hakuna adui mle ndani, hakuna hazina. Mchezaji anaingia, anatazama, anatoka.

Hata hiyo ilikosolewa nyumbani kabla ya kutoka nje. Mdogo wangu wa kiume, ambaye siku hizi ni fundi umeme na anajiona mjuzi wa kila kinachopita waya, aliisikiliza sauti ya viatu vyepesi niliyoiweka ngazini akakunja uso.

“Dada, hizi ni champali.”

“Ndiyo.”

“Mama na champali wapi na wapi? Ndani alivaa mitawanda. Ule mlio umeusahau?”

“Sijausahau. Nitaipata wapi mitawanda saa hizi?”

“Mimi nakwambia tu. Na ukishindwa, mfanye atupe ufunguo, tupumzike sote.”

Mitawanda, vile viatu vya mti, niliipata kwa bibi. Niliiweka simu chini ya ngazi zake, nikapanda juu, nikaanza kushuka, naye ameketi kitini anasimamia.

“Taratibu! Mamako hakuwa farasi.”

Nikarudia.

“Sasa washuka kama bi harusi. Rudi juu!”

Nilishuka na kupanda mpaka magoti yakalegea. Sauti iliyomo kwenye gemu ni ya mwisho, niliposhuka nimechoka kabisa, na bibi akasema, “Hiyo. Iwache hiyo.”

Kusubiri kwenyewe nilikupima kwa ngazi zile. Si kurefu. Lakini mtu aliyeshika simu, kidole kikimwasha, huona ni kama mwaka.

Sitaki kusema wachezaji wote hawana akili. Mengi waliyonilalamikia yalikuwa kweli. Tuktuk zilikuwa zikipenya kuta. Sambusa za Mama Ngina zilielea juu ya sinia. Maandishi yalikuwa madogo, mmoja akaniandikia kwamba anahitaji macho ya mwewe. Nilirekebisha kimoja baada ya kingine, kila alasiri, huku mteja akiingia nasimama, akitoka naketi. Ukirekebisha hili linazuka lile. Yupo aliyesema rangi ya bahari imekolea mno. Nilipoipunguza, mwingine akasema bahari imekuwa kama chai ya maziwa. Nikawajibu wote wawili, “Ahsante kwa maoni.”

Kisha wakaniandikia wasimamizi wa jukwaa. Hawa huchagua gemu chache na kuziweka mbele, kwenye ukurasa ambao kila shabiki huuona kwanza. Barua yao ilikuwa ya Kiswahili cha mashine, maneno yamekaa kama viti vilivyopinduliwa, lakini nia ilikuwa njema. Walisema vichochoro vyangu vimewapendeza sana. Walitaka kuiweka gemu yangu mbele. Jambo moja tu: nyumba ya buluu. Wachezaji wengi wanaiacha gemu mlangoni pale. Niondoe kusubiri, nao wataipokea.

Niliisoma ile barua hadi nikaijua kwa moyo. Niliitaka nafasi ile, na sioni haya kuiandika. Kazi zangu zote ni za vitu vya watu: natoa nakala ya cheti cha huyu, nafua sare ya yule, nasimamia masomo ya mdogo wangu. Hiki kilikuwa changu, na watu wa mbali walikuwa wakitaka kukionyesha.

Kuondoa kusubiri ni kubadilisha tarakimu moja. Niliibadilisha mchana mmoja duka likiwa tupu. Sauti ya mitawanda nayo nikaizima, kwa kuwa haikuwa na nafasi tena. Mchezaji anagusa hodi, mlango pwaa, yuko ndani.

Kabla ya kuituma nilimpa kitindamimba aijaribu, kama ninavyofanya siku zote. Alikuwa ametoka madrasa, kaketi kwenye benchi la wateja na buibui lake dogo, simu yangu mapajani. Nilijifanya napanga karatasi.

“Dada, mlango umefunguka wenyewe.”

“Nimeupunguzia kungoja. Watu walalamika.”

“Watu gani?”

“Wachezaji.”

“Na anayeshuka?”

“Nimemtoa.”

Aliingia, akazunguka chini, akapanda hadi jikoni. Niliona kidole chake kikienda polepole. Akatoka nje. Akapiga hodi tena, mlango ukafunguka tena upesi vilevile, na safari hii hakuingia.

“Imekuwa kama nyumba iliyohamwa,” alisema.

Nikaona nimpe suluhu. “Sikiliza. Nitakuwekea wewe yako mbali, hapa kwenye simu. Yako itakuwa na mama anashuka. Ya watu ndiyo isiwe naye. Sawa?”

Aliinua uso akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto.

“Mama gani? Yule si wewe?”

Niliziweka karatasi chini.

“Unapochoka unaburuta mguu wa kushoto,” alisema. “Nikipiga hodi nyumbani na wewe uko uani nakusikia hivyohivyo. Kra, kra.” Akauburuta mguu wake sakafuni kunionyesha, akacheka.

“Tangu lini unajua?”

“Tangu siku ya kwanza. Mama nitamjuaje anavyoshuka, mimi?”

“Na hukusema.”

“Hukuniuliza.”

“Sasa kama wajua ni mimi, wangojea nini pale mlangoni kila siku?”

Alinyanyua mabega. “Si unakuja.”

Mteja akaingia na kitambulisho, mbele na nyuma, nakala nne. Nilisimama nikaiwasha mashine. Nakala ya kwanza ilitoka imepinda, ikabidi nirudie, na yule bwana akaniuliza kama siku hizi fotokopi imekuwa mtihani. Nikamwomba radhi.

Alipotoka niliirudisha tarakimu mahali pake, nikaiwasha na sauti. Kisha nikawaandikia wasimamizi. Nilifuta mara nyingi, kwa sababu kila nilipoeleza habari za jiko la juu na ngazi na leso, maelezo yalizidi kuwa marefu na mimi nilizidi kuchoka. Mwisho nikaacha haya: “Ahsanteni kwa kuipenda kazi yangu. Kusubiri kwenye nyumba ya buluu kutabaki. Si kasoro. Mwenye nyumba yuko juu, anashuka.”

Walijibu kwa adabu kwamba gemu ni yangu na uamuzi ni wangu. Hawakuiweka mbele. Waliyoiweka ni nyingine, yenye mapigano mengi. Niliicheza, ni nzuri, siwezi kuisema vibaya. Siku ile nilipoiona nilifunga duka mapema kidogo nikapita nyuma ya soko kwenda nyumbani, ingawa hakuna nilichokuwa nakifuata sokoni.

Malalamiko hayakuisha. Jana mmoja amesema huyo mwenye nyumba ni mvivu. Kitindamimba, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu, alitaka nimwandikie ajaribu yeye kushuka na mitawanda. Nilimzuia. Niliandika, “Ahsante kwa maoni,” nikaendelea na lalamiko lililofuata, kwa maana kuna tuktuk moja karibu na msikiti bado inapenya ukuta, na hilo wamesema kweli.